Yowe Nililolipiga kwa Ajili ya Muvi

Siku moja ninaikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Juzi nilipokuona na wenzako mkirekodi kichekesho kwa simu, mmoja akijifanya mwizi na wengine wakimfukuza hadi kwenye uzio wangu, nilicheka pamoja nanyi. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Leo nikueleze kwa nini.

Ujanani nilikuwa mtengeneza muvi. Usicheke. Nilikuwa na kamera ya kanda niliyoiazima Sirari, na kiburi ambacho hakikuwa cha kuazima. Muvi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha na kutia roho juu: watengeneza muvi wawili wanaibiana hadithi, wanaibiana waigizaji, mwishowe mmoja anaiba kamera ya mwenzake na kijiji kizima kinamkimbiza. Tuliwakejeli watu wa kazi hiyo, walio tayari kumuuza hata ndugu ili wapate picha. Mwizi alikuwa rafiki yangu Mwita. Akikimbia tu na lile koti kubwa la marehemu babu yake, watu walishika mbavu.

Sasa, kundi jingine la ng'ambo ya mpaka, Isebania, likasikia hadithi yetu na kuanza kuirekodi mbio mbio. Msambazaji wa muvi wa Sirari akatuambia, "Atakayeniletea kwanza ndiye nitamchukua. Mwingine akachunge mbuzi." Sisi ilikuwa imebaki picha ya umati tu, na vijana wa kijijini kwetu Matongo niliowaomba waje kukimbia wakasema wana palizi.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Wewe unalijua yowe la ng'ombe kuibiwa. Kwetu yowe haliulizwi mara mbili. Mtu anaacha tonge mkononi anachukua upinde. Nikamwambia Mwita, watu wamekubali, wewe kimbia tu. Kisha nikapanda juu ya jiwe, nikawasha kamera, nikapiga yowe.

Wakaja. Mapanga, marungu, pinde, kilima kizima. Mwita, akidhani wanaigiza, akawa anageuka na kuwatolea ulimi. Mwanangu, niliyaona yote kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Nilimwona mzee Marwa, jirani yetu, akivuta upinde. Ningeweza kupaza sauti. Sauti ile ile iliyowaita ingewazuia. Nikasema moyoni, picha nzuri hii, nikanyamaza. Watu hudhani aibu yangu ni lile yowe, lakini ninachokionea haya hadi leo ni kule kunyamaza.

Mshale ulimwingia Mwita pajani. Alianguka kicheko kikiwa bado mdomoni. Hapo ndipo nilipoitupa kamera nikashuka nikipiga kelele, "Ni Mwita! Ni mchezo jamani, ni Mwita!"

Walipokwisha kumpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, mzee Marwa akanijia. Upinde alikuwa bado nao mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo." Hakuitikia. Akasema, "Chacha, unadhani nilikimbilia ng'ombe? Niliijua sauti yako. Nikasema, mtoto wa jirani yangu anaumia. Kumbe uko juu ya jiwe unaniangalia kwenye kidude, unangoja nimuue mwenzako."

Wazee wakanitoza fahali. Akachinjwa, watu wakala, mimi nyama sikuigusa. Wale wa Isebania wakatoa muvi yao kwanza, na nasikia ilichekesha. Yetu sikuimaliza.

Mwita alipona, ila mguu haukurudi sawasawa. Tulisalimiana tu njiani, salamu za mtu na mgeni.

Miaka ikapita, nikaoa, nikafuga. Alfajiri moja nikakuta zizi limevunjwa, ng'ombe hawapo. Nikasimama pale nyayo zilipoanzia, yowe limenikaa kooni, naogopa kulipiga. Nani angeiamini sauti yangu? Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu wangu alikuwa amekua mtu mzima. Nikapiga tu.

Wa kwanza niliyemwona njiani akija alikuwa Mwita, upinde mkononi, anachechemea. Akaniuliza, "Wamepita wapi?" Nikashindwa kumtazama usoni. Nilimwonyesha njia kwa kidole.

Basi sikia. Chekesha watu, mwanangu, tia watu roho juu, wala sikukatazi kutaka kuwa wa kwanza. Lakini anayekuja mbio kwa sababu amekupenda usimgeuze picha. Na siku utakapoona mwenzako anaumia mbele ya simu yako, usingoje ipendeze. Piga kelele. Picha nyingine utapata.

Mungu akupe jicho la kuona kizuri, na mkono mwepesi wa kuiweka simu chini. Na siku utakayopiga yowe la kweli, akuletee mtu wa kuuliza, "Wamepita wapi?" nawe uweze kumtazama usoni.