Fundi kaunga sabufa mara mbili, kumbe ubovu hauko kwenye redio

Admin, naomba unifichie jina, mashemeji zangu wote wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka 33, naishi Ngokolo, Shinyanga, nina watoto wawili. Mume wangu ni mchimbaji huko Geita, anashuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi. Safari hii alirudi na sabufa kubwa. Alitaka iungwe kwenye redio yetu ya zamani yenye spika mbili, maana alidai siku hizi inanong'ona.

Tukamwita fundi wa mtaani, akasema redio yetu haina tundu la sabufa, hivyo njia ni mbili: kuchomeka kwenye tundu la hedifoni, au kupitisha waya za spika kwenye sabufa kwanza. Akaunga ile ya kwanza. Mume wangu akakunja uso, "Mbona haina sauti?" Wakati huo madirisha yanatetemeka! Fundi akarudi, akaunga ya pili. "Bado." Basi mimi na huu mdomo wangu nikamfuata fundi kibandani kwake, nikamwita tapeli mbele ya wateja. Akanijibu taratibu, "Shemeji, redio ni nzima. Mchunguze mzee masikio." Nilimsonya nikaondoka.

Jana mchana nikiwa jikoni nikasikia du-du-du tupu, mwimbaji hayupo. Kumbe watoto wakicheza walichomoa waya zinazotoka kwenye sabufa kwenda kwenye spika. Nilipoingia nizirudishie, nikamkuta mume wangu kaketi sakafuni, kiganja juu ya sabufa, anatabasamu mwenyewe. "Leo ndo kaunga sawasawa, mke wangu. Zile spika hazinivurugi tena, sasa naisikia." Nikasimama nyuma yake nikamwita mara tatu, ya mwisho kwa kupiga kelele. Hakugeuka. Nililia palepale.

Alipoona machozi yangu akajua nimejua. Akakiri kwamba miaka ya baruti na mashine za kutoboa mwamba imemmaliza masikio, na mimi ananisoma midomo tu. Nikamuuliza, huko chini wakipiga kelele kwamba baruti imewashwa, wewe unajuaje?

"Nawaangalia wenzangu. Wakikimbia, nami nakimbia."

Na siku ukiwa umewapa mgongo? Hapo alikuwa ameshainamia sabufa yake, haoni midomo yangu.

Ameniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu wenzake wakijua watamtoa duarani, na kazi nyingine hajui. Nikimpigia msimamizi wa shimo lao, nimemdhalilisha mume wangu, na sijui kama ndoa itabaki. Nikinyamaza, kila simu ya namba ngeni itanikata maini. Fundi nimeshamwomba radhi. Waya za spika sijazirudishia, nimeshindwa kumnyang'anya hata hicho kidogo anachosikia.

Jumatatu asubuhi anarudi Geita. Ndugu zangu, nivunje kiapo au nimfungashie nguo kama kawaida? Nijibuni kabla hajapanda gari.