Gunia la Sukuma la Nabalayo

Nabalayo alilima mboga za sukuma kule Mowlem, mtaa wa Nairobi, nyuma ya yadi iliyofungwa, ambako zamani betri za magari zilipasuliwa na madini yake kuyeyushwa. Mumewe alikuwa amefariki, na matuta yale ndiyo yaliyowalisha watoto wake. Kwa hiyo alipomkuta mwanamume akipigilia vigingi vya utepe mwekundu katikati ya mboga, hakuuliza neno. Miaka ile ya tisini, kigingi mtaani kilikuwa na maana moja tu: mkubwa fulani amenyakua ploti, na tingatinga liko njiani.

Alimpiga kwa mpini wa jembe. Mfupa wa mkono ulilia hadi sisi majirani tukausikia.

"Wamekuja kugrab!" akapaza sauti.

Vijana walimiminika na mawe. Gachanja, muuza mbuzi wa soko la Kiamaiko, alikuja na kisu cha kuchinjia.

"Buda, leo utapima kaburi lako," kijana mmoja alimwambia. "Leteni tairi tumchome!"

Yule mtu, Mativo, alilia kwamba ametumwa kupima sumu udongoni, wala si ploti. Hakuna aliyemsikiliza. Aliponyoka kupitia tundu la ukuta, kichwa kimepasuka. Nasema wazi kwamba ule ulikuwa uovu. Mikono iliyorusha mawe siku ile ndiyo iliyopokea meza ya Bwana Jumapili iliyofuata, na hakuna aliyeona haya.

Baada ya muda Mativo alirudi, mkono kwenye plasta, bila askari na bila kigingi hata kimoja.

"Mama, nilikosea. Ningeanza na wewe."

"Ungeanza na hodi," Nabalayo akamjibu. "Pole ya mkono."

Mativo alieleza kazi yake. Zamani, alisema, watu walichimba kila mahali kwa kubahatisha, wakapeleka udongo maabara, wakangoja miezi, na mwishowe watu wa ploti nzima wakahamishwa. Yeye alitaka kwanza kuwauliza waliopajua mahali pale, kisha kupima papo hapo kwa mashine ndogo, kila jibu limwonyeshe pa kuchimba tena, mpaka ukingo wa sumu ujulikane. Udongo wa ndani ya ukingo huo tu ndio ungezolewa.

Nabalayo alimwonyesha mtaro uliokuwa ukimwaga maji ya betri. Walichimba kutoka hapo, wakiweka alama kwa chokaa. Nyumba za majirani zilibaki nje ya mstari. Shamba la Nabalayo lilikuwa ndani, lote.

"Na hizi mboga?"

"Usile, mama. Usiuze."

"Watoto wangu wamezila tangu waanze kutafuna."

"Wapeleke hospitali wapimwe damu. Leo."

Nabalayo hakulia. Alichukua panga akaikata sukuma yake kama anayemkata mtu aliyemuulia mtoto, shina kwa shina, kisha akaishindilia yote kwenye gunia ili izolewe pamoja na udongo.

Gachanja akatokea, akalishika lile gunia.

"Hiyo ni ya mbuzi wangu."

"Ni sumu, Gachanja."

"Mbuzi hajui mashine. Kesho anachinjwa, atakufa saa ngapi na hiyo sumu yako?"

"Na watakaomla?"

"Hao ni wako? Wacha gunia, wewe mwanamke!"

Alilivuta. Nabalayo akampiga kwa mpini uleule, mdomoni, meno yakatoka na damu. Gachanja akachomoa kisu, akamkata kiganja kikafunguka hadi mfupa. Nabalayo hakuliachilia gunia. Alimpiga tena, gotini, na Gachanja akaondoka akichechemea, akimtukana hadi marehemu mumewe.

Sipendi fujo, na pigo la kwanza, lile alilopigwa Mativo, sitalitetea kamwe. Hili la pili silikemei.

Mativo alimfunga kiganja kwa shati lake, akitumia mkono mmoja na meno, akamsihi aende hospitali.

"Nikiondoka atarudi," Nabalayo akasema. "Wapeleke watoto kwanza."

Akaketi juu ya gunia, jembe magotini, damu ikidondokea chokaa, mpaka lori la kuzoa udongo lilipoingia yadini.