Farasi Wawili wa Muhuta

Kazi yangu ya uganga wa mifugo hapa Rumonge ni ng'ombe na mbuzi. Farasi nilimlaza kwa dawa wakati wa masomo tu, tena mwalimu akiwa kando yangu. Kwa hiyo mjane mmoja wa Muhuta aliponiita nimkate farasi wake uvimbe kwenye kope, nilikubali, kisha nikafungua tena madaftari yangu ya chuo.

Marehemu mumewe alimwachia farasi wawili, dume na jike. Mgonjwa alikuwa dume. Jike tulimfungia zizini, nyuma ya ukuta wa matofali, asimwone mwenzake.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nilianza na sindano ya kumtuliza. Kichwa kikashuka polepole, mdomo wa chini ukaning'inia. Nikamwambia mtunzaji wake ashike kamba bila kuvuta, kwani farasi akiharakishwa kabla dawa haijamkolea huvunja watu. Kisha nikaingiza dawa ya usingizi kwenye mshipa wa shingo. Tukangoja. Miguu ya nyuma ikalegea, akakaa kama mbwa, akaanguka ubavu kwa kishindo.

"Muganga, iko anatuangalia," yule mama mjane akasema.

Jicho lilikuwa wazi kweli, likichezacheza.

"Ni dawa, Mama. Jicho halifumbi, lakini hasikii kitu."

"Sasa anaangalia nani?"

Farasi alikuwa amevuta pumzi na kukaa nayo. Dawa ile hufanya hivyo, nilijua, ila niliweka mkono ubavuni mwake, nikaanza kuhesabu. Hapo tukasikia kishindo cha pili, zizini.

Mtunzaji alikimbia, akarudi amebadilika uso.

"Ule mwingine naye amelala. Macho wazi. Namwita, haamki."

"Umempa nini?"

"Hakuna mutu amemugusa!"

Nikatazama kasha langu. Dawa iliyobaki yote ilikuwepo. Mgonjwa akashusha pumzi, nami nikashika kisu, singeweza kumwacha. Nilikata, nikashona, jasho likinichuruzika.

Dume alipoinuka akiyumba, tulisikia kwato nyuma ya ukuta. Nilimkuta jike amesimama, moyo wake ukipiga sawasawa. Mdomo wake wa chini ulikuwa unaning'inia.

Kidonda kilipona vizuri. Nilipokwenda kutoa nyuzi, mama alinipa papai, akanisindikiza hadi barabarani.

"Murakoze, asante sana, Muganga. Lakini mmoja akifa, huyu mwingine nitamfanyaje?"

Nilimwambia awaweke zizi moja, asiwatenge tena kwa ukuta. Kisha nikashika njia ya Rumonge, papai mkononi.