Mjane Aliyesamehewa

Tereza alizaliwa tambarare, na mlimani hilo ni kosa lisilo na wakili. Baba yake alitoka Singida kuja kukata miwa kusini ya mji wa Moshi, akaishi katika nyumba za kambi, akazaa watoto sita, akafa bila kumiliki hata mgomba mmoja. Kwa watu wa Kimarini, kijiji kilichojikunja kati ya migomba na kahawa juu ya barabara ya lami, maelezo hayo yalitosha. Asiye na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee humo humo, alihesabiwa kuwa bado yuko njiani.

Fabian alimpandisha mlimani mwaka 1985, mwaka ule mitumba iliporudi sokoni hadharani na kila mtu akajifanya hajawahi kuinunua kwa magendo. Mama yake Fabian, Bibi Hilda, alimtazama bi harusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kwenye ndala.

"Umeniletea chasaka," alimwambia mwanawe.

Hilo ni neno la mlimani kwa yeyote aliyezaliwa nje ya mlima. Kama ni tusi au ni jiografia, hutegemea sauti. Sauti ya Bibi Hilda haikuwa ya jiografia.

Wiki ya kwanza Tereza alikata mkungu wa ndizi za pombe akaupikia mtori. Familia ilikula kimya, kama watu walioko msibani. Wiki ya pili Bibi Hilda alimshika mkono akampitisha mgomba kwa mgomba, akimtajia jina la kila mmoja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona kosa lingine. Alikata majani ya ng'ombe, akazibua mfereji zamu yake ilipofika, akajifunza Kichagga mpaka akaweza kutukana nacho. Akazaa binti, Zita. Akazaa na mtoto wa kiume, Denis, ambaye hakumaliza mwaka. Wakamzika nyuma ya nyumba, kando ya babu yake. Kwa desturi za huko, mtu huanza kuwa mwenyeji wa mahali siku anapozika hapo. Kwa kipimo hicho Tereza alikuwa mwenyeji kabisa.

Fabian alikuwa kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Kaka yake mkubwa, Leodegar, alipewa kipande chake kule chini, akakiuza, akaenda kufanya kazi kiwandani mjini, akijua kwamba kiwanda ni cha umma na umma haufi. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Bei ya kahawa ikaanguka, watu wakang'oa mibuni usiku usiku kama wanaoiba mali yao wenyewe. Kiwanda kikapata mwekezaji, mwekezaji akapata funguo, wafanyakazi wakapata mkono wa kwaheri. Leodegar alirudi Kimarini na godoro, redio, mke na vijana watatu wa kiume, akakuta mlima haujaongezeka ukubwa.

Fabian alikufa mwaka 1994, kwa kifua. Enzi hizo watu wengi walikufa kwa kifua, na wenye vifua vizima walijua kunyamaza. Tereza alimuuguza mwaka mzima, akimbeba mgongoni kumpeleka nje kuota jua, maana alikuwa amebaki mwepesi kama Zita. Wakamzika kando ya Denis.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa uani. Msemaji alikuwa Kornel, waliyemwita Meku, yaani mzee: mtu mwembamba aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo isipokuwa ardhi.

"Shemeji," Leodegar alianza, akitazama miguu yake, "hatukufukuzi. Tunakupumzisha."

"Nimechoka lini?" Tereza aliuliza.

"Kihamba ni kizito kwa mwanamke peke yake."

"Nilipokuwa nambeba ndugu yako mgongoni, uzito huo hukuuona?"

Wanawake waliokaa jikoni waliguna. Meku Kornel akakohoa. "Mama Zita, ungekuwa na kijana wa kiume tusingekuwa hapa. Kihamba hakiendi na binti. Binti ni wa kwenda."

"Kijana ninaye. Yuko pale," Tereza alisema, akionyesha nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyegeuza kichwa. Leodegar hakuwa mtu mbaya. Alilia siku ile, na kilio kilikuwa cha kweli. Ila alikuwa na vijana watatu waliolala chumba kimoja cha kuazima, na mtu mwenye shida hiyo husikia vizuri zaidi kwa sikio la upande wake. Walimpa Tereza muda wa kuondoka mpaka mavuno.

Hapo ndipo alipoingia Eunike.

Eunike alikuwa afisa wa ustawi wa jamii katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Ilikuwa na meza, kiti, kalenda ya mwaka uliopita na jukumu la kuwatunza vilema, yatima, wazee, wajane na wafungwa waliotoka. Serikali ilikuwa imepunguza karibu kila kitu isipokuwa jukumu hilo. Eunike alikuwa binti wa Machame, upande mwingine wa mlima huo huo, msomi wa Dar es Salaam, mkweli mpaka kukera, na alitembea kwa miguu vijiji ambavyo wenzake walivifikia kwa taarifa.

"Mama Zita, una haki," alimwambia Tereza, wameketi kwenye kigogo mbele ya banda la ng'ombe.

"Inakaa wapi, dada, niifuate?"

Eunike alicheka, kisha akaeleza. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye katiba mwaka 1984, zikapewa likizo ya miaka mitatu kabla ya kuanza kazi, lakini sasa ziko kazini. Mwanamke ni mtu sawa na mwanamume. Jasho la mke ni mali. Wangekwenda mahakama ya mwanzo.

"Hakimu ni mtu wa wapi?"

"Mama Zita, hakimu ni hakimu."

"Haya, dada," alisema Tereza, kama mtu anayemkubalia mtoto.

Shauri lilifunguliwa, likapangiwa tarehe, tarehe ikazaa tarehe. Mavuno yakakaribia. Vijana wa Leodegar walianza kulala kwenye chumba cha mbele, kwa adabu zote, wakimwamkia Tereza shikamoo kila asubuhi ndani ya nyumba yake. Eunike aliona kwamba sheria ingefika, ila ingemkuta Tereza keshakuwa barabarani. Alihitaji kitu cha kumshikilia pale mpaka hukumu itoke, na hapo akakumbuka kwao.

Mlimani kuna jani liitwalo isale. Hupandwa mipakani mwa kihamba na juu ya makaburi. Ukimkosea mtu, hata kosa la kumwaga damu, ukichuma isale ukalifunga fundo ukampelekea pamoja na pombe, hana ruhusa ya kukukataa. Akikataa, laana inahama upande. Eunike alilijua hilo tangu hajajua kusoma, na chuoni aliwahi kupata alama nzuri kwa kuandika kwamba mila ikitumiwa vizuri hufanya kazi ambayo sheria haiwezi.

"Ukibeba isale hawathubutu kukutoa," alisema.

Tereza alifikiri. Alikuwa mtu wa tambarare, lakini alikwisha kukaa kwenye mlima miaka kumi. "Isale si hubeba aliyekosa?"

"Hubeba na anayetaka amani."

"Kwenu Machame?"

Eunike alisita kidogo sana. "Ni heshima tu, mama Zita. Wape heshima, wakupe muda. Haki yako iko mahakamani, hakuna anayeigusa."

Tereza alichuma jani kwenye mpaka wa kihamba chake mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mbege, pombe yao ya ndizi, ilikuwa nzuri. Bibi Hilda mwenyewe alisaidia kuipika, machozi yakimtoka, na Tereza alidhani ni ya moshi. Akapiga magoti mbele ya Meku Kornel, akanyoosha jani. Ng'ombe alisikika akitafuna bandani.

"Mwenye kubeba, tunakuona," alisema Meku Kornel. "Una neno?"

"Sina neno, meku. Nataka tuishi vizuri."

"Basi hatukuulizi kosa. Anayeuliza kosa baada ya isale anachokonoa kidonda." Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Ukoo umekusamehe."

Vigelegele vilipasuka. Bibi Hilda alimkumbatia akilia kwa sauti: "Nimekusamehe, mwanangu! Nimekusamehe mwanangu Fabian uliyeniulia, yamekwisha!" Tereza, akiwa kifuani mwa mkwewe, alimtafuta Eunike kwa macho. Eunike alikuwa anapiga makofi. Makelele yalikuwa mengi, huenda hakusikia. Baadaye, kila Eunike alipojiuliza kama alisikia, hakupata jibu lililomridhisha.

Ile miezi iliyofuata ilikuwa ya amani isiyo na mfano. Vijana walihama chumba cha mbele. Leodegar alimletea shemeji yake mbolea. Wanawake mferejini walimpisha na ndoo yake, kwa upole ule anaopewa mtu aliyetoka jela.

"Afadhali alikiri," walisema akishapita. "Wengine wanakufa nalo moyoni."

Eunike aliliandika tukio lile katika ripoti ya mwaka, na kwenye semina moja Arusha mtaalamu wa shirika la nje alimpongeza kwa njia shirikishi.

Shauri likaitwa. Chumba cha mahakama kilikuwa na madirisha bila vioo, hakimu mwenye mafua, na wazee wawili wa baraza. Leodegar hakuwa na maneno mengi. Alimwita Meku Kornel.

"Mheshimiwa," alisema mzee, "huyu mama ni mtoto wetu. Hatuna ugomvi naye. Alikuja na isale, tukapokea. Tumeshangaa kumkuta hapa."

Wazee wa baraza walitazamana. Mmoja akashusha pumzi, kama mtu aliyeona mlango umejifunga wenyewe.

Hakimu akamgeukia Eunike. "Afisa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mheshimiwa."

"Alibeba isale?"

"Alibeba, lakini ni mimi niliye—"

"Wewe ni mtu wa wapi, afisa?"

"Machame."

"Kwenu, mtu asiye na kosa hubeba isale?"

Eunike angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema kwamba siku hizi mambo yamebadilika. Mambo yalikuwa yamebadilika kweli, hata dawa ya malaria ilikuwa inauzwa kwenye meza za viazi. Alimtazama Tereza. Tereza alimtazama kwa imani tulivu kabisa, ya mtu anayejua kwamba dada huyu hajawahi kumwambia uongo.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Eunike.

Hukumu ilisomwa alasiri. Mlalamikaji, akiwa hana mtoto wa kiume, na akiwa alikwisha kukiri kosa kwa ukoo wa marehemu kwa njia inayotambulika, hakuwa na msingi wa kudai kihamba. Mahakama iliupongeza ukoo kwa moyo wa kusamehe.

Nje, chini ya paa la mahakama, Eunike alizungumza haraka haraka: kuna rufaa, kuna wanasheria wanawake Dar es Salaam, kuna sheria mpya inakuja. Yote yalikuwa kweli. Tereza alisubiri mpaka Eunike akaishiwa pumzi.

"Dada," akasema, "walinisamehe nini?"

Eunike akaanza tena habari za rufaa; Tereza akamkatiza.

"Maana nimewaza sana. Nikasema labda wewe uliyesoma unalijua."

Hakukata rufaa. Aliyesamehewa akirudi kushtaki, alisema, hata mtoto wake atazomewa barabarani. Akakunja vyombo vyake, akateremka na Zita mpaka Chekereni, akawa kibarua katika mashamba ya mpunga ya wenye mashamba, maji yakimfika magotini. Eunike alimtembelea mara kwa mara, akiwa na sukari na sabuni, na baadaye na karatasi za hospitali. Tereza alimpokea vizuri daima. Alimuuliza habari za mlimani: mfereji, ng'ombe, Bibi Hilda. Juu ya kesi hakumuuliza tena, na Eunike angetoa chochote ili aulizwe, au atukanwe.

Sheria mpya ya ardhi, iliyompa mwanamke haki sawa na mwanamume, ilianza kutumika mwaka 2001. Tereza alikufa mwaka huo huo, miezi michache baadaye. Kwa kifua.

Asubuhi iliyofuata Leodegar alifika Chekereni na gari la kukodi, wazee wanne na jeneza zuri. Zita, sasa msichana mkubwa, alikuwa amekwisha kuzungumza na majirani kuhusu makaburi ya pale pale.

"Mwanangu, haiwezekani," Leodegar alisema, macho mekundu. "Mama yako ni mke wetu. Hatuwezi kumtupa tambarare."

"Baba mkubwa, si ndiko alikokuwa akiishi?"

"Kuishi ni kuishi. Kuzikwa ni kuzikwa."

Zita alikuwa na la kusema. Lakini mama yake, katika siku za mwisho, homa ilipopanda, alikuwa akiomba kitu kimoja tu, kwa Kichagga: arudishwe karibu na Denis. Basi akaingia garini, akakaa kando ya jeneza.

Ndivyo Tereza alivyokipata kihamba. Si chote: kipande kilichotosha urefu wake, kati ya mumewe na mwanawe, udongo mwekundu na laini, wenye rutuba nzuri. Padre alisema maneno mazuri. Meku Kornel alisema ukoo hausahau watu wake. Bibi Hilda, aliyekuwa haoni tena, aliomba ashikwe mkono amwage udongo. Eunike alisimama nyuma ya umati na hakumwendea mtu.

Watu walipokwisha kula, Zita alichukua mfuko wake. Mke wa Leodegar alimsindikiza mpaka langoni, akamfungia ndizi na maziwa ya mgando ya njiani, kama inavyopasa.

"Karibu tena, mwanangu," alimwambia kwa wema. "Usitutupe. Hapa pia ni nyumbani."

"Asante, mama mkubwa," alijibu Zita. "Nimeshakaribia."

Akateremka njia ya mfereji, na kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito, akawa anautua kila baada ya hatua chache, kama mtu ambaye hajui bado anaenda nao wapi.