Piga Zote Nilizozijua

Kiswahili nilifundishwa na mke wa askari, mwanamke wa Pangani aliyenunua maziwa yangu pale bomani Arusha, enzi za Mjerumani. Alikuwa na domo, lakini hakuwa mchoyo. Kila asubuhi nilipoteremka kutoka Sekei na kibuyu changu, alinikalisha jikoni kwake akanipa maneno.

"Shika piga, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Ukiwa na piga, nusu ya Kiswahili unayo."

Mimi piga nilikuwa naijua moja tu, ile ya kiboko. Akanimwagia nyingine: kupiga hodi, kupiga soga, kupiga miayo, kupiga chafya, kupiga pasi, kupiga ramli. Nilizirudia njia nzima ya kupanda nyumbani, migombani, mdomo ukinichoka. Sikukipenda Kiswahili hata kidogo. Nilikitaka kwa ajili ya baba.

Baba alikuwa miongoni mwa wanaume wa kwetu waliokamatwa kubeba mawe ya kujengea ukuta wa boma. Alikuwa anakohoa damu. Ilisemekana Bwana Mkubwa, yule Mjerumani wa boma, huwaachia wagonjwa, ila aelezwe kwa Kiswahili na mwenye shida mwenyewe, kwa kuwa mkalimani alitafsiri anachotaka yeye. Nyumbani kwetu hakuna aliyekijua. Kwa hiyo nilijifunza, tena kwa hasira, na kila siku niliyokosea neno niliiona ni siku nyingine ya mawe mgongoni mwa baba.

Siku ya mashauri ilipofika, yule mama wa Pangani alinifunga kanga yake mabegani. "Piga moyo konde," akasema. Hiyo ilikuwa piga ya mwisho kunifundisha.

Nilipiga hodi. Nilipiga magoti. Nilisema yote bila kukwama: baba ni mzee, anatema damu, mawe yatamwua, naomba aachiwe akafie kwake. Bwana Mkubwa alishangaa mno kusikia Kiswahili kile kutoka kwa binti wa mlimani. Alicheka, akamwashiria karani kwa kidole. Nimekubaliwa!

Karani akafungua daftari lake. "Jina la baba yako?"

Kwetu Waarusha mtoto hamtaji baba yake kwa jina. Kumtaja ni kumtakia mabaya, na mgonjwa ndiyo usiseme. Jina lile lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwangu tangu nizaliwe. Nilitaja ukoo. Nikataja Sekei. Nikasema anakohoa.

"Wa ukoo huo, wa Sekei, wapo watatu," karani akasema. "Na wote wanakohoa. Jina, binti."

Nililitafuta jina kooni. Naapa nililitafuta. Karani akachoka kungoja, akaweka kidole penye mstari mmoja, akampigia askari kelele.

Aliyeletwa alikuwa mzee wa ng'ambo ya kijito chetu, mifupa mitupu, magoti yakimtetemeka. Aliniona, akadhani nimemjia yeye. Nilimwinamishia kichwa kama tunavyowaamkia wazee, naye akaniwekea kiganja utosini. Kilikuwa kimejaa vumbi la mawe. Nikisema siye huyu, anarudishwa. Sikusema.

"Shauri limekwisha," karani akasema.

Nilimfikisha yule mzee mlangoni kwake, na wake zake wakanibariki mpaka nikatamani kukimbia. Mama yangu hakunilaumu. Yeye naye, tangu aolewe, hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Aliyenilaumu ni yule wa Pangani. "Neno moja tu, mwanangu! Moja!" Alilia kuliko mimi. Mimi sikuwa na machozi, nilikuwa najichukia tu, na bado.

Wiki ya tatu nilirudi na kanga nyingine na maombi yaleyale. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitalitamka, liwalo na liwe. Karani hakuniuliza kitu. Alipitisha kalamu kwenye daftari na kusoma kwa sauti jina analolifuta, la mtu aliyezikwa jana yake nyuma ya ukuta. Karani yule, mgeni kwetu, alilitamka jina la baba yangu sawasawa, bila kujikwaa hata kidogo.