Mti wa Mama Furaha, Niliouita Baa

Nilimharibia mwanamke jina kwa neno moja. Sikulitunga. Alilitamka yeye mwenyewe, na maana yake alinieleza vizuri. Wengine ndio hawakuijua. Mimi niliijua, nikanyamaza. Naomba unisikilize wewe unayesoma, maana hapa Lodwar sina wa kumweleza.

Mimi ni dereva wa lori. Nimevuka miaka arobaini na sina mji. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka nyumbani Kakamega nikisema nitarudi Krismasi, nikaishi Malaba, nikaishi Isiolo, nikaishi Garissa. Kila ninapofika napakumbuka nilipotoka, na nikiwa pale nilikuwa nakumbuka pa nyuma zaidi. Sasa nimepanga chumba Lodwar, na kazi yangu ni kupeleka chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Barabara ile inavunja mtu. Nilikuwa nashuka kwenye lori nimejishika kiuno, magoti yanalia. Asubuhi sikuweza kufunga kamba za viatu bila kuketi kitandani na kupumzika kati ya kiatu na kiatu. Utingo wangu, Ekai, alikuwa akianza na salamu ya Kiturkana, kwa mzaha, "Ejok, mzee? Leo umeamka na miguu mingapi?" Nilicheka naye, lakini niliogopa. Dereva asiye na mgongo atafanya kazi gani?

Msimu mmoja mvua ilinyesha huko juu, laga, ule mto wa msimu, ikajaa maji, malori yakakwama Kakuma. Suruali yangu ilikuwa imechanika, nikaelekezwa kwa fundi wa cherehani ndani ya kambi. Ndipo nikamjua Mama Furaha, mjane kutoka Kongo. Wakongo walikuwa bado wachache pale wakati ule.

Aliniona nikijaribu kukaa kwenye kiti chake.

"Baba Shofere, iko nini? Unaikala sawa mukokoteni ya kuvunjika."

"Mgongo, mama."

"Mugongo hapana. Tumbo njo inalala. Tumbo ikilala, mugongo inabeba kazi yote."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mti mwembamba, laini, umefungwa kwa kamba juu ya nguzo mbili, kimo cha kiuno. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana Bukavu, masista wa shule yao waliwafundisha baleti, ile ngoma ya Wazungu ya kusimama kwa vidole vya miguu. Kucheza alikwisha kuacha. Lakini mazoezi yake hakuyaacha hata siku alizokuwa njiani akikimbia vita. Alishika mti wowote aliouona.

"Banasema ni ya batoto badogo," alisema. "Ni bongo, banadanganya. Mwili haiulize miaka."

Akanishikisha ule mti kwa mkono mmoja. Visigino pamoja, vidole vya miguu vitazame nje. Vuta kitovu ndani. Kunja magoti ushuke polepole, mgongo wima kana kwamba umeegemea ukuta. Panda. Sasa simama kwa vidole, kisha rudisha visigino chini kidogokidogo, usivitupe. Sasa mguu mmoja mbele, pembeni, nyuma, ukiburuta kidole kama mtu anayechora mchangani. Nilianza nikicheka. Kabla hatujamaliza mapaja yalikuwa yanatetemeka na shati limelowa kama nimeshusha magunia.

"Huu mti mnauitaje?" nikamuuliza.

"Kwa Kifaransa ni *barre*." Alivyolitamka lilisikika baa. "Asubuhi, mbele ya chai, naenda ku baa." Kwao mbele ya chai ni kabla ya chai.

Nikamwambia kwetu baa ni pale panapouzwa pombe. Mama wa watu alicheka mpaka akajifuta macho kwa suruali yangu aliyokuwa akiishona. "Basi uambie bantu tunalewa asubuhi yote!"

Tangu hapo kila safari nilipita kwake. Na nikiwa Lodwar nilishika chuma cha kitanda, mlango umefungwa, nikafanya yote aliyonifundisha. Sikuhitaji kiwanja wala viatu. Sitasema ni muujiza, ilikwenda polepole sana. Kwanza usingizi ulikuja. Kisha magoti yakanyamaza. Kisha nikajikuta napanda kwenye lori bila kujivuta, sihemi, na asubuhi moja nikafunga kamba za viatu nikiwa nimesimama, mguu mmoja juu, sijashika kitu. Nilikaribia kulia.

Lakini nikisema mgongo peke yake nitakuwa nadanganya. Pale nyuma ya nyumba ndipo mahali pekee palipokuwa na mtu aliyejua siku ya kurudi kwangu. Aliniuliza habari za mvua ya Kakamega. Yeye alinisimulia ziwa la kwao, na baridi ya jioni ambayo ukiwa Kakuma huwezi kuiamini. Sikumtongoza. Nilifikiria, ila sikuthubutu.

Wenzangu wakaanza kuona. Siku moja tuko hotelini Lodwar tunakunywa chai, madereva na matingo, Ekai akaanza.

"Mzee siku hizi anatembea kama askari wa gwaride. Na Kakuma hakosi kwa yule mama Mkongo. Mama anakupa nini?"

"Hebu tuambie na sisi tukapewe," akadakia mwingine.

Ningesema nini? Kwamba mimi, mwanamume na ndevu zangu, nafanya mazoezi ya ngoma ya wasichana nimeshika kitanda? Niliona aibu. Nikasema, "Kila asubuhi tunaenda baa."

Meza nzima ililipuka. "Asubuhi! Kumbe mama wa kanisa ana baa nyumbani!"

Nilikuwa na nafasi ya kueleza. Nikaagiza chai nyingine.

Neno lilipanda malori, likafika Kakuma kabla yangu. Mama Furaha alikuwa akisali katika kanisa dogo pale mjini, nje ya kambi, ambako ibada ilikuwa ya Kiswahili. Hakuna mwingine pale aliyejua Kifaransa. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha akina mama. Walikusanyika kwake kushona na kuomba. Ndugu wote aliokuwa nao Kenya walikuwa hao. Wakaanza kukosa kuja, mmoja mmoja.

Jumapili moja baada ya ibada wazee wa kanisa wakamwita, na mimi nikaitwa. Madereva wenzangu wakaja kusimama mlangoni, maana habari za wengine ni tamu.

"Ndugu dereva," mzee mmoja akaniuliza, "hatutaki maneno mengi. Huyu mama alikuambia kwamba asubuhi anaenda baa?"

"Alisema hivyo."

"Na wewe umekuwa ukienda naye?"

"Ndiyo."

Majibu yote mawili yalikuwa kweli. Ndiyo sababu hayaniachi.

Mama Furaha hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. "Baba Shofere," akasema, "ubaonyeshe."

Sikuinuka.

Akadhani labda sikusikia. Akasimama yeye. Akashika mgongo wa benchi, akakutanisha visigino ndani ya kitenge chake, akashuka kwa magoti polepole, mgongo wima, akapanda. Mama mmoja akafunika mdomo kwa leso. Nyuma kule mtu akacheka.

"Ubaonyeshe, baba. Weye unajua."

Nilijua. Nilichotakiwa ni kwenda kusimama kando yake na kushika lile benchi. Nikatazama mlangoni, nikamwona Ekai ametoa meno. Nikainamisha macho nikatazama viatu vyangu, vile vile ambavyo asubuhi hiyo nilifunga kamba zake nikiwa nimesimama.

Walimnyang'anya kikundi. Hawakumfukuza kanisani, ila hakuna aliyekwenda kwake tena.

Safari iliyofuata nilipita. Alinikabidhi shati nililomwachia, limekunjwa vizuri. "Shati yako imeisha, baba." Hakunikaribisha. Nilichungulia nyuma ya nyumba. Nguzo zilikuwepo, mti ulikuwa umefunguliwa. Alama za kamba tu zilibaki.

Baadaye akahama. Jirani mmoja aliniambia ameenda kambi nyingine, mwingine akasema amerudi kwao. Nilikwenda kwa yule mzee wa kanisa nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mama mwenyewe yuko wapi?"

Ekai nilimweleza barabarani, muda mrefu baadaye. Tukavuka laga. Kisha akasema, "Mzee, si ungesema tu? Tungekucheka siku mbili. Halafu tungekuomba utufundishe. Hata mimi mgongo unaniuma."

Siku mbili! Nilimuuza mtu kwa sababu ya kicheko cha siku mbili.

Sasa kila asubuhi, mbele ya chai, nashika chuma cha kitanda hapa Lodwar. Mwili unanitii kuliko nilipokuwa kijana. Namaliza, nageuka, na hakuna wa kuniambia kama goti limekwenda vibaya. Nimewaza kuhama tena. Lakini nikihama, na yeye akirudi kuulizia, atanipata wapi?

Wewe ambaye mgongo unakuuma, usiogope umri. Shika kiti, shika dirisha, kutanisha visigino, vuta kitovu ndani, ushuke polepole. Na siku mtu akichungulia akuulize unafanya nini, usitafute mzaha wa kujifichia. Mtaje aliyekufundisha, kwa jina lake. Kisha simama umwonyeshe.