Kovu la Mbwa Mweusi wa Bute

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mifugo, Garissa, nilikabidhiwa kamera ya filamu, kipima mwanga kilichochubuka, na kazi niliyoona haya kuitaja nyumbani: kupiga picha mbwa. Kila mbwa aliyechanjwa dhidi ya kichaa alitakiwa awe na kadi yenye picha. Kwetu mbwa haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba, lakini mfugaji asiye na mbwa huwafugia fisi mbuzi.

Tulianzia Balambala, saa sita mchana, kwenye mchanga unaoumiza macho. Filamu iliposafishwa, mbwa weusi walikuwa mashimo yenye masikio, na weupe walikuwa wameyeyukia mchangani. Daktari wa Mifugo wa Wilaya alizitazama picha zile, kisha akanipeleka kwa Mpiga Picha Mkuu wa mkoa.

"Kipimo kina wazo moja tu," mzee yule aliniambia. "Kinadhani kila kitu duniani ni rangi ya majivu. Anayejua kwamba mbwa ni mweusi ni wewe."

Akanifundisha kuwahi asubuhi au kutafuta kivuli, na kupima mwanga kwenye manyoya yenyewe, si mchangani. Kikimwona mweusi, kipimo hukuamuru ufungue sana tundu la lenzi. Ukitii, mbwa hutoka wa kijivu, kwa hiyo funga hatua moja. Kikimwona mweupe hukuamuru ufunge. Wewe fungua hatua moja.

Nilipohamishiwa Wajir, tulifika Bute. Mjane mmoja, Eedo Habiba, yaani Shangazi Habiba, alileta mbwa mweusi tititi. Nilimpiga picha kivulini mwa banda la mabati. Picha ilipojitokeza kwenye dawa, nilishika ukingo wa meza. Ule weusi haukuwa kitu kimoja. Kila unyoya ulikuwa na mwanga wake, na begani palikuwa na kovu la jino la fisi, ambalo kwa macho yangu sikuwa nimeliona. Nikasema subhanallah.

Miezi michache baadaye, hapohapo Bute, mtoto aliumwa na mbwa mweusi. Alikimbizwa hospitali kudungwa sindano, na wazee wakakata shauri kumuua mbwa wa Eedo. Eedo alipotoa kadi, walisema mbwa weusi wote ni sawa, huenda picha ni ya mwingine.

"Hii mbwa iko na sindano yenu," aliniambia. "Mkiua, fisi itamaliza mbuzi yangu."

Nilimpa chifu ile picha na kumwonyesha kovu la begani. Alipapasa bega la mbwa, manyoya yakafunguka, kovu likaonekana. Hata hivyo Daktari wa Mifugo wa Wajir aliagiza mbwa afungwe siku kumi, kwani mwenye kichaa hafikishi siku hizo. Siku ya kumi tulimkuta akila. Baba wa yule mtoto, ambaye mwanawe alikuwa amepona, ndiye aliyekata kamba.

Nimestaafu. Vijana wanapiga kwa simu, wanagusa kioo na kuburuta kidole, mwanga unaongezeka. Ni kanuni ileile. Mwaka huu niliondolewa mtoto wa jicho. Asubuhi bandeji ilipofunguliwa, nje ya lango la hospitali alilala mbwa mweupe, ameegemea ukuta mweupe. Niliona mahali manyoya yalipoishia na ukuta ulipoanzia. Binti yangu aliniuliza tunasubiri nini. Nilimwonyesha kwa kidole mstari ule kati ya manyoya na ukuta.